Mstari mwekundu juu ya Mama Kabula: nilivyohangaika na mwanga uliokuwa unapenya kwenye kamera yangu

Wakuu, poleni na mihangaiko.

Leo studio imepoa, mvua ya manyunyu hapa Iringa imewafungia wateja majumbani, nikasema acha nitumie muda huu kuwasimulia kitu kilichonipata. Sijaongeza chumvi. Wahusika wapo hai, na mmoja wao huwa anapita humu kimya kimya. Nikidanganya ataniumbua.

Mimi ni mpiga picha. Nina kastudio kangu Mlandege. Kazi zangu ni passport size, send-off, kipaimara, mahafali. Yale yale ya kila siku.

Sasa kuna kipindi nikapata wazimu wa long exposure.

Kwa wasiojua: picha ya kawaida kamera inafumbua jicho na kulifumba hapo hapo. Kwenye long exposure unaliacha jicho wazi muda mrefu, hata dakika nzima. Kilichotulia kinabaki kama kilivyo, kinachotembea kinageuka moshi. Maji ya mto yanatoka meupe, laini, kama maziwa yanayomwagwa.

Tatizo ni kwamba mchana ukiacha jicho la kamera wazi hivyo, picha inaungua, unapata karatasi nyeupe. Kwa hiyo mbele ya lenzi unaweka kioo cheusi, filta, kama kile cha miwani ya fundi wa kuchomelea. Yangu ni kioo cha mraba, unakichomeka kwenye fremu inayofungwa kwenye lenzi. Nilikinunua kwa jamaa wa Mbeya kikiwa kimeshatumika.

Mara ya kwanza nilikijaribu Idodi, nilikuwa nimeenda kwenye harusi. Asubuhi ya siku ya pili nikashuka mtoni, kuna mawingu, miti imefunika juu, nikapiga.

Aisee!

Nilitoka na picha mpaka nikajishangaa. Nikaweka status. Simu haikupoa siku hiyo.

Mmoja wa waliopiga ni dada mmoja anaitwa Kabula, nesi, yuko Mbeya. Tulifahamiana kwenye harusi ya rafiki yake niliyoipiga picha.

"Kaka, hayo maji umeyafanyaje?"

Nikamweleza. Akasema, "Nataka baba na mama yangu wasimame kwenye maji ya namna hiyo. Kule kwetu Madibira, kwenye mfereji mkubwa. Hawana picha hata moja wakiwa wawili."

Nikamwambia hiyo ndogo sana.

"Subiri," akasema. "Baba yangu hawapendi wapiga picha. Mimi nimekwambia mapema."

Nikacheka tu. Nimeshapiga picha mabibi harusi waliokuwa wanalia, nimewapiga watoto wachanga wanaopiga kelele. Mzee mmoja atanishinda?

Wakuu, nikaenda. Basi mpaka Mafinga, pale nikaunganisha gari ya Madibira. Unashuka kutoka kwenye baridi na misitu ya miti ya mbao, unakuta tambarare, joto, na majaruba ya mpunga mpaka macho yanachoka.

Mzee anaitwa Mzee Maduhu. Ni Msukuma, alihamia huku bonde la Usangu kutokea Shinyanga na ng'ombe wake, Kabula akiwa bado hajazaliwa. Baadaye akashika na kilimo cha mpunga. Mrefu, mkavu, kofia kichwani, fimbo mkononi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Wewe ndiyo mpiga picha?"

"Ndiyo baba."

Akaniangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye viatu.

"Utarudi?"

Sikumwelewa. Nilitegemea aniulize bei, au aniulize nimetoka wapi. Mama Kabula, mkewe, mama mnene kidogo mwenye kicheko cha karibu, ndiye aliyenieleza wakati ananimiminia togwa.

Walipofika tu Usangu, miaka hiyo, alipita mpiga picha wa kutembea. Mzee akampanga mama yake mzazi kwenye kiti, na yeye na mkewe wakasimama pembeni. Jamaa akapiga, akachukua hela ya kusafisha picha, akasema nitarudi.

Hakurudi.

Bibi yule alikuwa anaulizia ile picha kila soko likifika. Akaugua, akafariki. Hakuna picha yake nyingine yoyote duniani.

"Sasa huyu mzee wangu," Mama Kabula akasema huku akitabasamu, "akiona kamera anaona yule mtu."

Basi hapo nikajua nimeingia kwenye deni la mtu mwingine.

Tukaenda mfereji mkuu. Kuna geti, maji yanaruka juu yake na kuanguka kwa nguvu. Sehemu nzuri kupita maelezo. Niliwasimamisha kwenye ukingo wa saruji, jua likiwa mgongoni kwangu ili liwaangaze nyuso, nikaweka kamera kwenye stendi, nikafunga kioo changu cheusi, nikawaambia, "Wazee, mkisikia nimesema tayari, msitikisike mpaka niseme basi. Ni kama dakika moja."

Mzee Maduhu alisimama kama nguzo ya umeme. Mtu aliyechunga ng'ombe maisha yake yote, kusimama kwake ni kazi aliyoizoea.

Mama Kabula ndio shida. Nikisema tayari, anacheka.

"Mama, usicheke."

"Sicheki mwanangu, ni tumbo linacheka!"

Baada ya kurudia rudia, nikapata kama tatu alizotulia. Nikaangalia kioo cha nyuma cha kamera. Jua kali, nilikuwa naona kwa shida, ila niliona watu wawili na maji meupe. Nikafurahi, nikafunga mizigo. Jioni nilikuwa nimeshafika Mafinga.

Nilipokaa kwenye kompyuta studio, nikapoteza hamu ya kula.

Picha zote zina mstari mwekundu mpana, umetokea upande mmoja, umepita shingoni kwa Mama Kabula na kumalizikia sikioni kwa mzee. Upande wa kulia kuna weupe kama mtu kapulizia moshi. Na juu angani, kwenye mawingu, kuna maandishi.

Ndiyo, maandishi. Herufi na namba, zimepinda kama upinde, zimegeuka nyuma mbele.

Najua kuna mjuaji hapa anasema "si ungefuta kwenye kompyuta". Mkuu, nilijaribu. Nilivyofuta ule mstari, Mama Kabula akatoka hana shingo.

Nikamtumia Kabula ile picha kama ilivyo, nikaona bora ajue mapema. Akapiga.

"Kaka, hayo maandishi angani ni nini? Umeweka tangazo la studio yako?"

Tukacheka wote wawili. Halafu kicheko kikaisha.

"Baba ameshauliza picha," akasema. "Na wiki ijayo wanafunga maji, mpunga umeshaanza kuiva. Mfereji utabaki tope tu mpaka msimu mwingine."

"Mwambie narudi kabla hawajafunga."

"Hapana. Mwambie mwenyewe."

Nikampigia mzee. Nikamweleza kwamba picha zimeingia kasoro, kosa ni la vifaa vyangu, naomba siku moja tu nirudie, sitaki hata nauli.

Akasikiliza mpaka mwisho.

"Na yule alisema hivyo hivyo," akasema. Akakata.

Wakuu, hiyo sentensi ilinikaa kifuani. Usiku kucha nikigeuka upande huu ipo, nikigeuka upande ule ipo.

(Samahani, naendelea. Kuna mteja wa passport alikuja, nimeshamalizana naye.)

Kesho yake nikaanza uchunguzi. Wazo langu la kwanza lilikuwa kamera imekufa. Ile kamera ni ya zamani, nimeinunua kwa jasho, nikaona ndo basi tena.

Nikajiuliza: mbona Idodi ilitoka safi? Kioo ni kile kile, kamera ni ile ile.

Nikafanya jaribio moja la kijinga. Nikatoka nje ya studio, nikaweka kamera juani kwenye stendi, nikaifunika lenzi na mfuniko wake, kisha nikaipiga dakika nzima hivyo hivyo imefunikwa. Picha ya namna hiyo inatakiwa itoke nyeusi kama masizi. Kikitokea chochote, basi kuna sehemu mwanga unaingilia.

Sasa jirani yangu ni Bi Mwanaidi, mama wa Kiislamu anayeuza vitambaa na mabaibui. Wazee wake walitokea Kilwa zamani, yeye kazaliwa hapa hapa Iringa, lakini Kiswahili chake ukikisikia unajisikia vibaya kufungua mdomo. Alikuwa kakaa mlangoni kwake, ananitazama.

"Mwanangu, umesahau kuifungua hiyo."

"Sijasahau, mama. Naipiga ikiwa imefungwa."

Akanitazama tena.

"Basi umechoka, baba. Ingia ndani ukapumzike."

Nikacheka, nikaangalia picha. Mstari mwekundu! Ule ule!

Nikapiga nyingine, safari hii nimeziba kwa kidole gumba kile kitundu cha nyuma cha kuchungulia. Nyeusi tii.

Nikapiga kelele pale nje mpaka muuza mitumba wa ng'ambo ya barabara akasimama kuangalia kama kuna ajali.

Ndugu zangu, ni hivi. Kamera hizi za zamani zina kitundu cha kuchungulia kwa nyuma. Picha za kawaida unaweka jicho pale, uso wako unakiziba. Kwenye long exposure unasimama pembeni, kitundu kipo wazi, jua lipo mgongoni, mwanga unaingia kwa mlango wa nyuma na kwenda kukaa kwenye picha. Kwa picha ya haraka hauna muda wa kuharibu kitu. Ukiupa dakika nzima, unaharibu. Idodi nilikuwa chini ya miti na mawingu, jua halikuwepo la kuingia. Ndiyo maana ikatoka safi, nikajiona fundi.

Nikafurahi, nikadhani nimemaliza.

Nikarudishia kioo cheusi, nikaziba kitundu, nikapiga ukuta wa jirani. Mstari hakuna. Lakini ule moshi upo, na maandishi yapo.

Hapo nikaingia stoo, nikafunga mlango, nikaziba mwanya wa chini kwa gunia, nikabaki na tochi ya simu. Nikaiacha kamera wazi na kioo chake, nikawa namulika pande zote za ile fremu, moja baada ya nyingine, kila picha nimulike sehemu yake.

Nikaipata. Ile fremu inatakiwa iwe na sponji jeusi linaloziba kati ya kioo na lenzi. Langu lilikuwa limeliwa upande mmoja, pamebaki ufa ambao unaweza kupitisha ukucha. Mwanga ukiingia pale unagonga mdomo wa lenzi, palipoandikwa herufi nyeupe. Na kioo cheusi, kwa upande wa ndani, ni kioo cha kujitazamia. Kinazirudisha zile herufi ndani ya lenzi zikiwa zimegeuka.

Kumbe tangazo lililokuwa angani Madibira lilikuwa jina la lenzi yangu mwenyewe.

Nikafunika zile herufi kwa utepe mweusi. Kwa ule ufa nikachukua tisheti yangu nyeusi, nikaizungushia. Bado ule moshi upo. Nikaenda kwa Bi Mwanaidi.

"Mama, naomba kitambaa cheusi kisichopitisha mwanga kabisa."

"Cha nini?"

"Cha kuifunika kamera."

Alishaniona nikipiga picha na mfuniko, kwa hiyo hakushangaa sana. Akavuta jora, akatanua kitambaa, akakielekeza juani, tukatazama wote wawili. Kinaonyesha. Akakikunja mara mbili. Hakionyeshi.

"Tabaka mbili, na lastiki huku na huku ibane," akasema. Hapo hapo akakaa kwenye cherehani. Nikamshikia kamera, akapima kama anavyompima mtu shingo, akakata, akashona mfuko usio na mkia wala kichwa, wazi huku na huku, unaovishwa kuanzia kwenye fremu mpaka nyuma kwenye mwili wa kamera. Na kipande kingine kidogo cha kufunika kitundu cha kuchungulia.

Akaivisha kamera, akarudi nyuma hatua kadhaa akaiangalia.

"Haya. Sasa imestirika."

Nikarudi juani. Nikapiga, nikapiga tena, jua la kila upande. Safi! Nilimwambia nitamlipa, akanifukuza dukani kwake, ila akataka picha yake iliyopigwa na ile kamera iliyovaa baibui. Ninayo, amependeza kweli kweli.

Siku mbili kabla ya maji kufungwa nikarudi Madibira. Sikumpigia mzee. Niliogopa ataniambia nisije. Nilimwambia Kabula tu, naye akaomba ruhusa kazini akatokea Mbeya.

Tulimkuta mzee nje ya zizi. Akaniona nateremka kwenye bodaboda na begi langu. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Umerudi," akasema.

"Nimerudi, baba. Shikamoo."

"Marahaba." Akageuka upande wa nyumba, akaita kwa sauti, "Mama Kabula! Vaa ile nguo!"

Pale mfereji nilivyoivisha kamera ule mfuko wa Bi Mwanaidi, Mama Kabula akaanza kucheka hata kabla sijasema tayari. Nikapiga ya kwanza na mfuniko, ya majaribio. Nyeusi tii. Moyo ukatulia.

Nikapiga ya pili, wazee wakiwa wametulia vizuri. Katikati ya ile dakika, ng'ombe wa mzee wakapita taratibu ng'ambo ya mfereji, kundi zima, wakienda kunywa. Nilipowaonyesha picha kwenye kivuli cha koti langu, mzee akainama, akaitazama sana.

"Ng'ombe wangu wako wapi?"

"Hawapo baba. Walikuwa wanatembea, kamera haiwashiki wanaotembea."

"Kundi lote?"

"Lote."

Akatikisa kichwa. "Kamera ya wezi hii," akasema. Na hapo ndipo nilipomwona anacheka mara ya kwanza. Kabula alikaa chini kabisa kwa kucheka.

Tukajipanga kwa ya mwisho. Mimi kama mpiga picha nilikuwa nimeona kasoro moja toka siku ya kwanza: wazee wanasimama mbali mbali. Katikati yao kuna nafasi ya mtu mzima.

"Baba, sogea kidogo kwa mama."

Hakusogea.

"Kidogo tu baba, hapo katikati pamebaki wazi."

"Paache," akasema.

Kisha akamgeukia mkewe akamwambia maneno machache kwa Kisukuma. Mama Kabula, aliyekuwa bado anafuta machozi ya kicheko, akajiweka sawa. Nikasema tayari. Dakika nzima hakuna aliyetikisika hata ukope.

Niliposema basi, nikamuuliza Kabula kwa sauti ya chini, "Baba kasema nini?"

Kabula alikuwa anaangalia pembeni.

"Kamwambia, tulia, bibi yupo hapa kati yetu."

Wakuu, sikuomba tena wasogeleane.

Ile picha ilitoka bila mstari, bila moshi, bila herufi. Mzee kulia, mama kushoto, na pale katikati maji yanashuka meupe, yametulia. Niliisafisha kubwa, nikaiweka fremu, nikaipeleka mwenyewe. Sikuituma kwa gari wala sikumpa mtu.

Mzee aliitundika ukutani kwa mkono wake. Akakaa kwenye kiti mbele yake. Mama Kabula akaleta michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga. Tukala. Baada ya muda mzee akaita wajukuu, wakwe, majirani, kila aliyekuwa karibu na ule mji.

"Wapige wote," akaniambia. "Hata zile za haraka haraka."

Nikawapiga mpaka betri ikaisha. Wakati naondoka, mzee akanisindikiza mpaka barabarani. Nikamwambia nitazileta mwezi huu. Akasema, "Najua."

Kwa hiyo wakuu, nilichojifunza. Ukianza kupiga picha za muda mrefu na filta, usiamini picha moja iliyotoka vizuri kivulini. Kabla hujaenda kwa mtu, weka mfuniko, simama juani, piga dakika nzima. Ikitoka nyeusi, toa mfuniko, weka filta, piga tena; ikitoka bila moshi wala herufi, nenda. Ikitoka na kasoro yoyote, ziba kitundu cha nyuma, kagua sponji la fremu, funika maandishi ya lenzi, ivishe kamera kitambaa tabaka mbili. Na mkague picha kivulini kabla hamjaachana, maana kioo cha kamera juani kinadanganya.

Na ukiharibu, sema umeharibu, halafu rudi. Wengine kabla yetu hawakurudi, na watu bado wanaangalia barabara.

Wenye kamera mpya zisizo na kitundu, niambieni nyie mwanga unawaingilia wapi. Na wenye mistari yao ya ajabu ajabu, wekeni picha hapa tuzikague pamoja, hatutawacheka. Au tutawacheka kidogo tu.